Avion yenye ilifukuza bandege

Nyinyi bajukuu, muniskilize. Juzi helikopta ya basoda ba jeshi ilipita chini chini hapa Mulekera, na nyinyi mukakimbia inje na batelefone juu ya kuipiga picha. Mimi nikakumbuka shamba yetu ya bulo, ile ulezi, kule Mutwanga, wakati nilikuwa mutoto.

Mimi na mudogo yangu Kahindo tulikuwa tunapiga makopo juu ya kufukuza bandege. Mara avion, ndege ya vita, ikatokea nyuma ya kilima, chini sana, mupaka bulo ikalala. Ikaacha harufu sawa mafuta ya taa ya mama. Bandege yote ikakimbia.

«Yaya, inatusaidia kazi!» Kahindo akaniambia, akapanda juu ya kichuguu, akapunga kopo. «Ee papa pilote, rudia!»

Ikarudia kweli. Mama alikuja mbio, akamukokota Kahindo, akatusukuma chini ya migomba. Masasi ya bunduki ya avion ikapasua ile kichuguu.

«Mama, tulikosa nini? Tulikuwa kwa kazi,» Kahindo akalia.

Leo najua kama kutoka kule juu kopo ya mutoto inafanana na bunduki.

Donc, ndiyo maana niliamuru nyumba yangu yote: ile sauti ya avion ao helikopta ikishuka, telefone inabaki chini, mukubwa anakamata mudogo, wote mu migomba. Na mutu asitoke kabla sijamuita kwa jina.