Kuonja ni kwa Kiganja

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya matope pale Karuba, vijana tumejipanga nje ya kiwanja cha tajiri mmoja wa mbao, kila mtu akiomba kazi ya kupasua magogo. Ilikuwa miaka ile ya sitini, uhuru bado mbichi. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza kule Ngungu, mvua imeozesha maharage yetu, nami nilimwahidi kwamba safari hii sirudi bila kazi.

Nasema safari hii kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimepasua gogo zima kutwa nzima, tena kwa moyo! Jioni tajiri akasema, "Muende, tutawaita." Hakuniita. Nikajiambia mvumilivu hula mbivu, nikarudi kujaribiwa tena. Kumbe mbivu zilikwisha kupakiwa kwenye kamyo, lori lake.

Msumeno ule unataka watu wawili, mmoja juu ya gogo, mmoja chini. Mimi nikawekwa chini, unga wa mbao ukiniingia machoni. Juu akapanda mzee mfupi wa Buleusa, Papa Shukuru, naye akiomba kazi kama sisi; tukingoja nilikuwa nimemsimulia ile mara ya kwanza. Tulikwenda vizuri sana. Tulipofika kama dhiraa moja, mzee akasimama, akagonga kabari kwenye ufa, akashuka.

"Patroni, umeshaona mukono yetu," akamwambia tajiri. "Kama iko muzuri, utuandike, tumalize."

"Mumalize kwanza!"

"Mama akipika supu, anaonja mu kiganja. Akishajaza sahani, ile haiko kuonja tena. Ile njo kukula sasa."

Wenzangu wakacheka chini chini. Mimi nikamvuta shati. "Papa, unaniharibia kazi! Bibi yangu iko na mimba!"

"Kazi gani, mutoto? Ile siku ingine walikupa kazi?"

Tajiri akatufukuza sote wawili, gogo likabaki na kabari yake. Njiani nililia, mwanangu, sikufichi. Nilimwona yule mzee kama mchawi wangu. Naye akatoa muhogo wa kuchoma mfukoni, akaukata, akanipa kipande kikubwa.

"Niko na musumeno yangu kule Buleusa," akasema. "Mwenzangu magoti imekufa, na kidole kimoja hakivunji chawa. Njo maana nilikuja kutafuta kazi huku. Sasa nimepata muntu. Hausukumi musumeno, haulegezi. Mukono yako nilishaionja, na ile dhiraa moja ilitosha. Twende?"

Tulipasua pamoja hadi nguvu zilipomwishia. Kaka yako mkubwa alizaliwa nyumbani kuna chakula, na jina lake Shukuru unajua sasa limetoka wapi. Hakuna siku nisiyomshukuru mzee yule.

Basi ukienda kuomba kazi, onyesha mkono wako bila kiburi. Anayetaka kukujua ana haki ya kuonja. Lakini akileta sahani, uliza kwa adabu kama umeandikwa. Ukinyamaza atakula ashibe, na kesho ataita mwingine mwenye njaa kama yako. Na siku gogo likiwa lako, mkumbuke aliye chini, mwenye unga machoni.

Mungu akupe mwenzi wa msumeno kama wangu, mwanangu. Na wewe ukikata muhogo, kipande kikubwa kiwe cha mwenzako.