Kompyuta Nyepesi ya Dada

Dada yangu alifundisha darasa la kwanza kule Murusagamba kwa muda mrefu hata baadhi ya watoto aliowashika mkono kuandika irabu wakaja kumletea watoto wao. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwetu, mimi kitinda mimba, na waliokuwa katikati yetu walikufa wadogo. Nilikuwa, na bado ni, karani katika ofisi moja mjini Biharamulo. Kwa hiyo alipougua saratani ya titi, safari zake za hospitali kubwa ya Mwanza zilipitia kwangu. Akienda analala kwangu, akirudi analala kwangu.

Walimtoa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani. Baada ya hapo mkono wa upande ule ukawa unavimba ovyo, na nesi akamwonya asibebe tena kitu kizito kwa mkono huo. Dada akaitikia vizuri tu. Tatizo lilikuwa kompyuta yake.

Ilikuwa kompyuta ya zamani, nene, betri imekufa, haiwaki bila kuchomekwa ukutani. Alikuwa anasoma shahada kwa njia ya masafa na amebakiza ripoti ya utafiti. Aliandika juu ya watoto wanaoingia darasa la kwanza hawajui Kiswahili, wanajua Kihangaza au Kirundi cha nyumbani basi. "Mtoto anajua amazi," alinieleza siku moja. "Mimi namwonyesha maji yaleyale kwenye kikombe, namwambia ni maji. Ananitazama kama nimemwibia kitu." Umeme ukikatika kwake, alikuwa anaitia kompyuta kwenye begi la begani na kupanda bodaboda hadi kwa mwalimu mwenzake mwenye sola kubwa. Baada ya upasuaji alijaribu safari hiyo mara moja tu. Mkono ulivimba mpaka pete ya ndoa ikabidi ikatwe kwa msumeno mdogo wa fundi wa redio.

"Nataka kompyuta nyepesi," akaniambia kwa simu. "Niipakate hata kitandani nisiisikie."

Ofisini kwetu karatasi zote zinasema kompyuta mpakato, na mimi mwenyewe nimeliandika neno hilo mara nyingi. Sikuwahi kufikiri kwamba ni lile pakata la mtoto mchanga.

Safari iliyofuata ya Mwanza nilimsindikiza. Alipokuwa kwenye foleni ya dawa, daktari akaniita pembeni, kwenye korido yenye mabenchi ya chuma. Dada alikuwa amemwomba kwamba kama kuna habari ngumu nielezwe mimi kwanza. Daktari alisema ugonjwa umeingia kwenye mapafu. Akasema dawa zitaendelea. Kisha akasema, "Kama kuna jambo analolitaka sana, msimcheleweshe."

Dada alirudi na mfuko wake wa dawa, akanitazama usoni, asiulize kitu. Ndani ya basi tulizungumza juu ya bei ya maharage.

Kesho yake asubuhi, Biharamulo, nilimpeleka kwenye duka la simu na kompyuta karibu na soko. Mwenye duka alikuwa mtu mzima aliyehamia kutoka Shinyanga, mnene, mpole, mwenye kupenda kueleza. Dada akamsalimia, akaketi, akamwambia kazi yake na anakoishi.

"Murusagamba? Barabara ile?" mwenye duka akasema. "Basi, mwalimu, usichukue yenye diski ya kuzunguka. Itakufa kwenye makorongo. Chukua hii, ndani hakuna kinachozunguka. Na betri inakaa kutwa."

"Uzito?" dada akauliza.

"Nyepesi sana."

"Nyepesi sana ni kiasi gani?"

Mwenye duka akacheka. Hakuwa na mizani. Jirani yake muuza dagaa alikuwa nayo, basi tukatoka wote watatu, na kompyuta mbili. Yule mama akafuta sahani ya mizani kwa khanga yake, akasema hajawahi kupima samaki wa namna hii. Watu wawili watatu wakasimama kutazama. Kompyuta ya kwanza ilizidi kilo mbili. Ya pili ilikaribia kilo moja na nusu. Dada aliinyanyua ile ya pili kwa mkono wa kushoto, ule wa kuvimba, taratibu, akaishikilia usawa wa kifua. Niliona kidevu chake kikitetemeka kidogo. Akairudisha.

"Hii naiweza," akasema.

"Tunaichukua," nikamwambia mwenye duka pale pale.

Mwenye duka alikuwa mwaminifu kupita kiasi. "Mkiwa na haraka chukueni. Lakini mwezi wa kwanza naletewa mzigo mwingine. Kuna nyembamba kuliko hii, hazifiki hata kilo na robo. Na hii yenyewe itashuka bei."

"Tunaichukua leo," nikarudia.

Dada aligeuka, akanitazama vilevile alivyonitazama kwenye korido. "Mdogo wangu, una haraka ya nini?"

Nikasema sina haraka. Nikasema ni kwa ajili ya ripoti. Nikasema bei za vitu haziaminiki. Sauti yangu niliisikia ikipanda kama ya mtu anayegombana, na yule mama wa dagaa akainamisha macho kwenye samaki wake.

"Tutasubiri mzigo," dada akamwambia mwenye duka. "Mwezi wa kwanza si mbali."

Njiani kurudi nyumbani alitembea polepole, amenishika kiwiko. Tulipofika chini ya boma la Wajerumani akasimama kupumzika. Akasema, "Nimeshakuelewa. Usinieleze."

"Sawa, dada."

"Lakini niache nisubiri kitu. Mtu anayesubiri mzigo wa mwezi wa kwanza ana mipango. Akinunua leo kwa haraka, anakuwa mgonjwa tu aliyenunuliwa kitu."

Nikamshika mkono, tukaendelea kutembea.

Tangu siku hiyo hatukuzungumza tena juu ya mapafu. Tulizungumza juu ya kompyuta. Alinipigia karibu kila wiki. "Umepita pale dukani?" Nikimjibu nimepita, anataka kujua mwenye duka kasema nini, rangi zipi zinakuja, kibodi inawaka gizani au haiwaki. Alikuwa amesoma mambo kwenye simu yake. Alijua majina ya sehemu za ndani kuliko mimi. Pumzi yake ilikuwa inakatika katikati ya sentensi, na ilipokatika nilikuwa nasubiri, halafu anaendelea palepale alipoishia, na mimi najifanya mtandao ndio mbaya.

Mzigo ulichelewa. Ulipoingia, dada hakuweza tena kusafiri. Mwenye duka alinitolea ile nyembamba, ya kijivu, na mwenyewe akaichukua hadi kwa mama wa dagaa bila kuambiwa. Ilikuwa kilo moja na kidogo sana. Nikainunua, nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi hadi Ngara, kisha bodaboda mpaka Murusagamba, kompyuta nimeifunga kifuani ndani ya koti kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na tope linateleza.

Mama yetu alikuwa amekaa kando ya kitanda, akichambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Shemeji alimkalisha dada kwenye mito. Nikamwekea kompyuta mapajani.

Akangoja kidogo. Kisha akasema, "Umeweka?"

"Ipo, dada. Tazama."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, mama akaacha ungo. Kilipotulia, dada akaipapasa kwa kiganja. "Wametengeneza vizuri," akasema. "Kweli wametengeneza vizuri."

Aliandika kwa mkono wa kulia peke yake. Siku nyingine ukurasa, siku nyingine mistari miwili. Shemeji alikuwa ananipigia kunieleza wamefika sura gani, yeye ambaye ni mkulima na hakuwahi kuulizia mambo ya utafiti. Dada alifariki wakati watu wako mashambani wanang'oa maharage, mchana, mama akiwa amemshika miguu. Sura ya mwisho ilikuwa na kichwa cha habari tu.

Baada ya matanga shemeji aliniomba niiuze. Alisema hawezi kuvumilia kuiona mle ndani. Nikaipeleka kwa mwenye duka. Aliitambua kabla sijaiweka mezani, akaifungua huku akitabasamu. "Imetunzwa! Mwalimu hajambo?"

Nilipomwambia, aliifunga polepole, akairudisha kwangu kwa mikono miwili. "Kaka, leo siwezi kuitajia bei hii," akasema. "Njoo siku nyingine." Sikwenda tena. Nilimpigia shemeji, nikamweleza, naye akasema basi nikae nayo.

Msimamizi wa masomo yake alisikitika, lakini taratibu zao hazikuruhusu kupokea ripoti isiyokamilika. Nilichapisha nakala ya kile alichokuwa amekiandika, nikaipeleka shuleni kwake. Miezi ilipita. Siku moja nikapigiwa simu na binti mmoja mwalimu, aliyepewa darasa la kwanza baada ya dada. Alikuwa anatoka Pwani, hajui Kihangaza hata neno.

"Shikamoo. Samahani kukusumbua. Nasoma hii ya marehemu mwalimu. Kuna mahali anasema mtoto akinyamaza wiki za mwanzo asilazimishwe, kuna dalili ya kusubiri. Halafu anasema ataieleza sura ya mwisho. Hiyo dalili ni ipi?"

Nikamwambia sijui. Nikaifungua kompyuta baadaye, nikatafuta kila mahali alipoweza kuwa ameiandika. Sikuiona. Nikamuuliza shemeji, nikamuuliza mama, nao hawakujua. Nilimpigia yule binti kumweleza hivyo, na nyuma ya sauti yake nikasikia darasa zima likipiga kelele, lugha mbili kwa pamoja.