Kitufe Chenye Utepe Mwekundu

Nilipofunua pazia nilimkuta Mama amekaa mbele ya kompyuta, mkono mmoja kauficha chini ya shuka, na kwenye skrini mshale unabofya wenyewe. Hakuna aliyeshika mausi.

Mama hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mama, imekuwaje?"

"Nilisinzia, mwanangu."

Basi. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoivuruga nyumba yetu. Vuta kiti nikueleze tangu mwanzo, maana ukisikia mwisho peke yake utasema natunga.

Mimi ni fundi cherehani. Mdogo wangu wa kiume tunamwita Nyaya, kwa sababu tangu utotoni hakuna redio iliyoingia kwetu ikatoka nzima. Siku hizi anatengeneza simu kwenye kibanda cha barabarani. Baba alishatutoka zamani. Tulibaki watatu kwenye nyumba yenye mlango mmoja tu, wa chuma, kule mbele. Vyumbani ni mapazia.

Mama akaota uvimbe shingoni.

Daktari hakupepesa macho. "Huu dawa yake ni mionzi, tena mapema. Ukishasambaa, hata mashine haitamsaidia."

Sasa mashine ni moja, wagonjwa utitiri. Nafasi zinaombwa mtandaoni tu. Unafungua ukurasa wa hospitali, unabofya "Omba nafasi", unajibiwa hakuna. Unabofya tena. Hakuna. Mgonjwa mmoja akifariki au akishindwa kuja, nafasi yake inachomoza, na atakayebofya wakati huohuo ndiye anayeipata. Kufa kufaana, jamani. Na sisi tulikuwa kwenye foleni hiyohiyo, tunasubiri mwenzetu aondoke.

Tulibofya kwa zamu. Nikitoka kazini nabofya mimi, Nyaya akirudi anabofya yeye. Siku moja akatupa mausi mezani.

"Dada, kazi hii siyo ya binadamu. Niachie mimi."

Akaandika programu ya kubofya yenyewe. Unaiwasha, inakamata mshale, inabofya palepale bila kuchoka. Kati ya kubofya na kubofya inapumzika kidogo, muda wa kumeza mafunda mawili ya maji.

"Na ikishapata?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo penye shughuli."

Akanieleza. Ukipata nafasi, ukurasa unageuka kijani. Lakini palepale palipokuwa na "Omba nafasi" panakuja kitufe kingine kimeandikwa "Achia nafasi". Programu haina macho. Itaendelea kubofya palepale, na itaachia kile ilichokipata.

"Si uifundishe iangalie hiyo kijani?"

"Nitaifundisha, Dada, lakini ugonjwa haunisubiri. Kwa sasa mtu akae hapa. Akiona kijani, abonyeze hiki, inasimama."

Kilikuwa kile kitufe cha pembeni kabisa kwenye kibodi, juu kushoto. Akakibandika utepe mwekundu. Akaiwasha programu, akabonyeza, ikasimama. Tukapigana viganja kwa furaha. Nani kama sisi?

Mtu wa kukaa pale mchana alikuwa mmoja tu. Mama mwenyewe. Miguu ilikuwa imeshaisha nguvu, kuinuka kitini mpaka ashikwe, lakini macho na akili vilikuwa vyake.

"Mama, ukiona kijani tu, bonyeza hapa kwenye nyekundu," Nyaya akamwambia. "Mausi usiiguse, haitakutii."

Mama akacheka. "Nimewalea nyinyi wawili na vituko vyenu, nitashindwa na kitufe?"

Siku ile nilikuwa nashona sare za shule. Simu ikalia, ujumbe. "Hongera, umepata nafasi."

Nilipiga kigelegele mpaka mteja akaangusha kitambaa chake. Kabla sijamaliza, ujumbe wa pili ukaingia.

"Umeachia nafasi yako. Utaweza kuomba tena baada ya miezi mitatu."

Niliusoma mara ya kwanza, nikausoma tena. Nikaiacha nguo ya watu kwenye sindano, nikakimbia.

Ndipo nikamkuta vile nilivyokwambia, mshale bado unabofya wenyewe kama una pepo. Nilipenyeza mkono nyuma ya kabati nikachomoa waya ukutani. Kompyuta ikazima. Mama akashusha pumzi ndefu.

Nyaya akaingia anahema. Nilikuwa nimeshampigia.

"Mama! Kitu kimoja tu nilikuomba. Kimoja!"

"Nisamehe, baba. Usingizi ulinichukua."

"Kubonyeza tu, Mama! Kidole tu!"

"Nisamehe, baba."

Nilimwambia Nyaya atulie, huyu ni mama yetu. Lakini nikisema kweli, na mimi moyoni nilikuwa nimevimba. Usingizi gani huo, saa nne asubuhi?

Jioni nilipokuwa namwogesha nikaona kidole chake cha shahada. Kimevimba, ukucha umepasuka katikati, damu imeganda.

"Mama, hiki nini tena?"

"Nimejibana na mlango."

Nikakisafisha, nikakifunga kitambaa, nikaendelea na yangu. Sikuuliza zaidi. Hasira ilikuwa imeniziba macho.

Tulikwenda hospitali kuomba na kulia. Yule wa dirishani alitusikiliza vizuri, akatuambia mfumo hauna kitufe cha kumrudisha mtu. Turudi miezi hiyo ikiisha.

Haikuisha. Uvimbe haukujua kalenda.

Siku zote hizo Nyaya alimsalimia Mama kama mpangaji mwenzake. Shikamoo, marahaba, kapita. Maji atampa, dawa atampa, lakini kukaa naye akapiga soga kama zamani, hapana. Mama alikuwa anamfuata kwa macho mpaka pazia linaanguka. Iliniuma.

Wiki ya mwisho sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. Alimwita.

"Nilisinzia tu, baba. Usije ukajitafutia kosa."

Nyaya akaitikia kwa kichwa. Mimi nilidhani ni maneno ya mgonjwa.

Msibani, watu wakimpa pole Nyaya, alikuwa anajibu jambo moja. "Angebonyeza tu. Leo tungekuwa naye." Nilitamani nimzibe mdomo.

Mwaka ukageuka. Siku moja jirani yetu mchomelea vyuma akaja, kofia mkononi. Mkewe ana uvimbe kama ule, na amesikia Nyaya ana programu ya kuomba nafasi.

Nyaya alimvutia kiti. Kisha akaifuta kompyuta vumbi. Utepe mwekundu ulikuwa bado upo kwenye kitufe.

"Dada, kaa hapo. Mimi nitaangalia skrini. Nikisema, bonyeza."

Akafungua ukurasa wa hospitali, akaiwasha programu. Mshale ukaanza. Akasema, "Haya."

Nikabonyeza. Mshale ukaendelea.

"Bonyeza vizuri, wewe nawe! Hiyo siyo sindano."

Nikabonyeza tena, kwa nguvu. Ukaendelea. Nikagandamiza mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Ukaendelea kubofya taratibu, hauna habari na mimi.

"Sogea."

Akabonyeza yeye. Akabonyeza tena. Mchomelea vyuma alikuwa anatutazama mmoja mmoja, haelewi kuna nini.

Nyaya aliinama, akasoma alichokiandika mwaka ule. Aliponyanyuka uso ulikuwa umempauka.

"Haikisikii," akasema.

"Haikisikii nini?"

"Kitufe. Inakisikia pale tu dirisha lake lenyewe kwenye skrini likiwa mbele, juu ya mengine. Siku ile nilipojaribu, lilikuwa mbele. Ukurasa wa hospitali ukiwa mbele, kitufe kinakwenda kwa ukurasa, na ukurasa hauna haja nacho. Ilitakiwa ikisikie popote, dirisha lolote liwe mbele."

Akakitazama kidole chake. Kisha akauliza polepole, "Dada, kile kidole cha Mama."

Nikaelewa kwamba Mama hakusinzia, alikigandamiza kitufe mpaka ukucha ukapasuka, na nikaelewa pia kwa nini alisema uongo. Aliliona kosa kabla yetu, akalibeba yeye ili mtoto wake asilibebe. Mzigo huo sasa ulikuwa mikononi mwangu, na mimi ndiye mkubwa.

"Alijibana na mlango," nikamjibu. "Mwenyewe aliniambia."

Nyaya aliinuka, akaenda kwenye kizingiti cha chumba. Akalishika pazia, akalikunja kwenye ngumi.

"Mlango upi, Dada?"

Nilimfuata pale kizingitini. Alikaa chini palepale, pazia bado mkononi, akalia kwa sauti ambayo msibani hakuitoa.

Kesho yake aliirekebisha. Ile programu sasa inakisikia kitufe hata uwe umefungua nini. Mke wa jirani alikaa palepale alipokaa Mama, na kijani kilipotokea alibonyeza mara moja tu. Anaendelea na matibabu, na kila akimwona Nyaya anamwombea dua. Nyaya huitikia amina huku anatazama chini.

Ndugu yangu unayesoma, sina mengi. Ukimpa mtu kitu cha kumwokoa na kisimwokoe, usianze na kumlaumu. Kaa kwenye kiti chake, weka kidole alipoweka chake, ubonyeze wewe kwanza. Na ufanye hivyo angali hai, akusikie ukimwomba msamaha.