Masale Kwenye Udongo wa Matumbawe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi jirani yangu alitoka jikoni kwake na mswaki mdomoni, akaiona safu ya masale niliyoipanda jioni iliyotangulia, akautoa mswaki.

"Jirani, kazi ya upimaji ardhi umeianza lini?"

Nikamwambia ni mapambo tu. Akatema povu, kwa uangalifu, upande wangu.

Nyumba zetu mbili, hapa Tanga mjini, hazina ukuta kati yake. Kuna kichochoro chenye kivuli kutwa nzima, ambacho mke wake hupita kuja kuteka maji kwenye bomba langu. Mimi nilikitazama kichochoro hicho kwa jicho la msomaji. Shule niliiacha darasa la saba, lakini kuhusu mimea nimesoma kila kilichonifikia, na maandishi yote yanakubaliana: sale, kichaka cha misitu yetu ya milimani ambacho hubaki kijani mwaka mzima, hutaka kivuli, unyevu na udongo wenye tindikali. Kivuli nilikuwa nacho. Miche nikainunua Muheza. Ambalo halikuandikwa popote ni kwamba jirani yangu, Mchaga aliyeletwa Tanga mtoto na baba yake mkata mkonge, akiona masale yamepangwa mstari haoni pambo. Anaona mpaka. Kwao sale likishashika mizizi, mpaka umesimama, na mtu mwenye akili zake haling'oi.

"Hayo ya kwenu," nilimwambia. "Hapa pwani."

"Basi tungoje. Likikauka, ni pambo. Likishika, umenidhulumu njia."

Hivyo bustani yangu ikawa kesi, na shahidi wake mkuu udongo. Udongo wetu umelalia matumbawe. Niliudondoshea siki ukachemka kama soda, dalili kwamba umejaa chokaa. Nikachimba mfereji, nikaujaza udongo mweusi wa milimani, mboji, na makapi ya majani ya chai niliyoyaokota kwenye mgahawa. Maji ya bomba yana bili, ya kisima cha mtaa yana chumvi, kwa hiyo nikakinga ya mvua. Masale yakasimama wima. Kila asubuhi jirani alikuja kuyakagua, kama mrithi aliyekuja kumjulia hali tajiri.

"Naona mgonjwa anakula."

"Anakula na kulala vizuri, alhamdulillahi."

Ndipo mtu huyu, ambaye tangu ahamie hakuwahi kuupaka ukuta wake rangi, akapatwa na mapenzi ya usafi. Alinunua chokaa akaupaka ukuta unaotazama kichochoro. Ulipokauka akaupaka tena. Brashi aliibeba imelowa kiasi kwamba ardhi ilipata zaidi ya ukuta. Mila yake inamkataza kung'oa sale. Juu ya chokaa, mila haijasema kitu. Majani yakageuka manjano, yakabaki mishipa tu ya kijani.

"Profesa," akaniita kutoka juu ya ngazi, "hii rangi ndiyo uliyoisoma?"

Nikanunua siki kwa dumu, nikaichanganya na maji, nikamwagilia. Ardhi ikatoa povu, paka wakahama, kichochoro kikanuka kachumbari. Mke wangu, mwanamke wa Moa, alitutazama sote wawili dirishani.

"Mwalima au mwapika?"

Tukamwita mjumbe wa mtaa. Akanywa chai kwangu, akanywa na kwa jirani, akasema jambo hili linahitaji hekima, akaondoka kwenda kuitafuta. Bado hajarudi nayo.

Hapo uvumilivu ukanitoka. Nikamwambia jirani kwamba naleta mpimaji na matofali, tumalize. Akaiweka brashi chini. Ukuta ungemfanya mkewe auzunguke mtaa mzima na ndoo kichwani kufuata maji aliyokuwa akiyafikia kwa hatua chache.

Jumapili alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, na koti lake, ameshika jani la sale lililofungwa fundo.

"Nakuomba radhi, jirani. Anayeletewa sale hakatai."

"Hakatai nani? Kwenu?"

"Mtu yeyote mwenye adabu."

Nikalichunguza jani. Kijani kibichi, halina doa. Kichochoro kizima kilikuwa na mche mmoja tu wenye majani ya namna hiyo, ule wa mwisho, ambao brashi haikuufikia.

"Umelichuma wapi?"

"Kwako. Ningelipata wapi jingine, na udongo wenyewe ndio huu?"

Nyuma ya mlango mke wangu akakohoa, na hakuwa na kifua. Nikalipokea.

Ukuta haukujengwa. Miche iliyopona niliihamishia kwenye ndoo barazani, na jirani amekubali kwamba sale linaloweza kubebwa haliwi mpaka. Mkewe anapita kichochoroni na maji yake, anaamkia, anakwenda zake. Mapenzi ya usafi nayo yamemtoka mumewe kama yalivyomwingia. Miche, udongo, nauli na siki nimevijumlisha. Chokaa siihesabu, maana aliinunua mwenyewe. Nimepoteza shilingi laki moja na themanini na sita elfu.