Wifi yangu ananishukuru, hajui nilichomwambia yule polisi

Admin nifichie jina, na kijiji usikitaje, sema tu Mbeya. Miaka yangu sijui vizuri, sabini imeshapita, kitambulisho kinasema moja na mama yangu alisema nyingine. Shule sikuiona. Anayeniandikia ni jirani yangu anayeuza nguo pale Mwanjelwa. Nimemwambia andika kama ninavyosema, usinirekebishe.

Mimi ni Mnyakyusa. Mume wangu alikuwa Mhehe wa Iringa, Mungu amrehemu, mtu mpole ila ulanzi, ile pombe ya mianzi, aliupenda. Haya, hayo tuyaache. Alipokufa, dada yake naye ni mjane, akaja kwa ajili ya matanga, akabaki. Huyo ndiye wifi yangu. Mwaka wa tisa huu tunapika chungu kimoja. Yeye si muongeaji. Mimi naongea kwa wote wawili. Kinyakyusa hakijui mpaka leo, akisalimiwa "mugonile" anajibu "kamwene" ya Kihehe, watu wanacheka, na yeye anacheka.

Wifi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Aliolewa Malawi, huko Karonga, ukishavuka mto Songwe si mbali. Sasa siku moja mkwe akapiga simu, binti amejifungua, mtoto mzima ila mama yake damu haikati. Ilikuwa Jumapili. Mimi karatasi ya kuvukia nilikuwa nayo, nilienda msiba huko kabla. Wifi hakuwa nayo, na ofisi zimefungwa. Angengoja vipi? Tukapita mtoni kwa mtumbwi, kama watu wengi wa pale wanavyopita, wana shamba huku na shangazi kule.

Ng'ambo tukapanda gari. Mbele kidogo polisi wakasimamisha. Akaingia kijana mmoja, mnene, akanisalimia kwa lugha yangu kabisa. Kule wanaongea kama sisi, kupishana ni kidogo tu. Jamani, nilifurahi. Tangu asubuhi nilikuwa naogopa, sasa nikaona nimekutana na mtoto wa nyumbani. Nikamuuliza wewe wa nani, akasema, nikamwambia mbona huo ukoo na kwetu upo, basi wewe mjukuu wangu. Akacheka. Karatasi yangu hata hakuifungua.

Alikuwa anataka kushuka. Nasema ukweli, alishageuka. Akauliza tu kama utani, "Bibi, na huyu mwenzako mbona kanuna?"

Nikamwambia, "Huyo Mhehe, hajui lugha ya watu. Hata karatasi hana, tumemvusha na mtumbwi kama gunia la mpunga."

Nikacheka mimi. Na yeye akacheka. Wifi akatuona tunacheka, akacheka pia, ili asionekane hana adabu.

Ndio yule kijana akamgeukia, akasema kwa Kiswahili, "Wewe mama, shuka."

Tulishuka wote. Akataka hela, akaita faini, risiti hana. Tukampa tuliyokuwa nayo, akaitia mfukoni, akasema haitoshi, huyu anabaki, wewe bibi nenda kalete nyingine. Nikapiga magoti pale barabarani. Nikamwambia, mjukuu wangu, mtoto wake anaumwa, muonee huruma. Akaniambia kwa lugha yetu, taratibu kabisa, "Bibi, si wewe mwenyewe umeniambia?" Wifi anatuangalia midomo, haelewi. Akanishika bega, akasema, "Wifi, inuka. Nenda wewe kwa mtoto. Mwambie nakuja."

Nikaenda. Nikamkuta binti hospitali, mweupe kama unga. Akaniambia, "Mama, na mama yangu yuko wapi?" Nikasema yuko njiani. Baadaye akauliza tena. Nikasema yuko njiani. Mara ya tatu hakuuliza kwa mdomo, aliangalia mlango tu. Mkwe alihangaika kukopa hela ya kumtoa wifi, na jua halijazama binti akawa ametutoka. Wifi walimtoa kesho yake. Alifika na kanga aliyomnunulia mtoto ya kumbebea, ameishikilia hivi kifuani. Alikuta wanawake wamekaa chini.

Hajawahi kuniuliza yule polisi alijuaje. Anadhani walikuwa wanakagua tu. Kanisani, kwenye kikundi cha akina mama, alisimama, yeye asiyesimamaga, akasema, "Wifi yangu alipiga magoti kwa polisi kwa ajili yangu. Ndugu wa tumbo moja asingefanya." Wakapiga vigelegele. Mimi nikaangalia sakafu. Walidhani ni unyenyekevu.

Sasa juzi amekuja shemeji yangu, kaka yake mdogo, anakaa Mgololo. Amejenga chumba, anataka dada yake arudi Iringa azeekee kwao. Wifi amekataa. Amemwambia, "Huyu nimuache na nani? Huyu ndiye aliyemuona mwanangu mwisho." Shemeji ameenda, ila Jumamosi anarudi kusikia neno la mwisho.

Mchungaji sijamwambia. Huyu anayeniandikia ndiye wa kwanza, na ameacha kuandika mara mbili anafuta macho, nimemwambia endelea.

Nikimwambia wifi, najua ataondoka, na mimi nitabaki na nyumba. Hilo nalistahili. Ninachoogopa ni kumuua mara ya pili, maana saa hizi usingizi wake ni kuamini kwamba alikuwa na mtu upande wake siku ile. Nikinyamaza, ataacha ndugu zake na chumba chake kwa ajili yangu mimi, mimi niliyemtaja.

Ninyi mliozika watoto, hasa ninyi, ndio nawauliza. Mngetaka kuambiwa? Jumamosi si mbali, na yeye yuko hapo nje ananichambulia maharage.