Uji Kwenye Rejeta

Mimi ni Tryphena Wakio, binti wa Hudson Mwadime wa Werugha. Baba yangu ndiye aliyelima matuta ya ngazi kwenye ule mteremko ambao watu walisema hata mbuzi hawezi kusimama. Mama yake, bibi aliyenilea, alikuwa mfinyanzi, na vyungu vyake vilipikiwa mpaka Mgange. Nami, tawi la mti huo, nilisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, nikasoma Biblia mbele ya kanisa zima bila kukwama hata kwenye majina ya wafalme. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue kwamba injini ya gari letu haikuharibiwa na mtu wa hivi hivi.

Mume wangu, Zephaniah, alifanya kazi reli ya Voi, akaacha, akanunua pikapu kuukuu iliyokuwa ya mlowezi mmoja wa mkonge. Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita. Siku hizo wanawake wa Werugha walibeba kabichi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mpaka kwa wachuuzi. Nilizunguka nyumba hadi nyumba nikiwashawishi watupe mzigo tuushushe Voi, ukapande treni ya Mombasa jioni ile ile. Wengi waliguna. Priscilla, dada yake Zephaniah, ndiye aliyewasemea.

"Wifi, tutajaribu mara moja. Kabichi zikiozea njiani, hilo gari lenu mtafugia kuku."

Basi mambo yote yakategemea safari hiyo moja.

Asubuhi ya safari kulikuwa na ukungu, na kabichi zimejaa hadi juu. Zephaniah alipotia maji kwenye rejeta, yakaanza kudondoka chini, to, to, to.

"Mama Elijah, rejeta imetoboka," akasema. "Hapa ni kumwita Wambua." Wambua alikuwa fundi wa magari, Mkamba wa Kaloleni, kule kule Voi.

"Mpaka Wambua afike, kabichi zitakuwa mboji," nikamjibu. "Nipishe."

Sasa, kila mwanamke aliyelelewa na mfinyanzi anajua kwamba chungu kipya huvuja. Hukitupi. Unakipikia uji mwepesi, uji unaingia kwenye vitundu vyake, vinaziba, na tangu siku hiyo kinashika maji. Niliitazama rejeta ile nikaona ni chungu tu, isipokuwa kimetengenezwa na mzungu. Nikaingia jikoni, nikakoroga uji wa mahindi, nikatoka na sufuria.

"Unafanya nini?" Zephaniah akauliza.

"Natengeneza gari."

"Kwa uji?"

"Baba Elijah, umewahi kufinyanga chungu?"

Akanipisha, kwa kuwa hajawahi. Nikamimina uji wote, nikaongeza maji. Tukainama kutazama. Tone moja, likafuata la pili, halafu kimya. Halikudondoka tena! Wanawake wakapiga makofi. Nilikwenda kubadilisha nguo, nikavaa gauni la kanisani na viatu vyenye kisigino, nikakaa mbele karibu na dereva, mgongo umenyooka kama mke wa Disii wa wilaya. Priscilla na wenzake wanne walikaa nyuma juu ya kabichi.

Tuliipita Wundanyi nikiwapungia watu mkono. Baada ya hapo pana mwinuko, na hapo ndipo nilipoanza kusikia harufu ya uji. Nilidhani ni njaa. Mbele kidogo boneti ikaanza kutoa moshi, injini ikawa inagonga kama mtu anayetwanga, na Zephaniah akasimamisha gari.

"Tuliache lipoe," akasema. "Usiguse kitu."

Kwa nini mtu amwambie Tryphena Wakio asiguse kitu? Nilivua kilemba, nikakikunja mkononi, nikafungua kifuniko cha rejeta. Uji ulipanda juu kama umeitwa! Ukatua kwenye kioo, kwenye gauni, kwenye kofia ya Zephaniah. Sikuungua sana, ila nyusi zangu ziliganda kwa uji.

"Wifi!" Priscilla akaita kutoka juu ya kabichi. "Umeiva!"

Kwa hasira nikachukua debe, nikateka maji ya kijito, baridi ya mlimani, nikayamwaga yote juu ya injini ile iliyokuwa ikitokota. Nilitaka kuipoza upesi. Ikalia *ta!* mara moja tu. Zephaniah akavua kofia yake yenye uji, akaishika kifuani kama tuko makaburini.

Hakuna aliyecheka tena, maana kabichi zilikuwa pale pale na jua limeanza kutoka. Zephaniah akakumbuka kwamba siku hiyo treni ya Taveta husimama Mwatate kabla ya kwenda Voi. Wanawake hawakungoja. Walitoa kamba zao; kumbe kila mmoja alikuja na yake, ndivyo walivyoniamini! Nilivua viatu nikavining'iniza shingoni, nikafunga mzigo, nikateremka nao hadi Mwatate, uji ukinikaukia kifuani. Treni tuliiwahi. Kabichi zilifika zimepoteza majani ya juu tu.

Wambua alikuja kulifungua gari pale pale barabarani. Alichokonoa mfereji wa maji kwa kijiko, akatoa donge, akalinusa.

"Mama, ungeongeza sukari tungekunywa," akasema. Halafu akatuonyesha ufa kwenye kichwa cha injini. "Uji ulifunga njia ya maji, ndiyo maana ikachemka. Lakini iliyoua ni ile baridi yako."

"Tundu je? Liliziba au halikuziba?"

Akainama akatazama. "Liliziba."

"Asante," nikasema, na hilo jibu nimelitunza hadi leo.

Zephaniah alirudi reli mpaka Wambua alipopata kichwa kingine. Msimu mzima nilibeba kabichi mgongoni na wenzangu, nikiitwa Mama Uji na watoto wa shule. Siku gari lilipowaka tena, niliwaendea wanawake kuwaomba mzigo. Wakatazamana.

"Tutapakia," Priscilla akasema, "lakini boneti hiyo wewe uione kwa mbali."

Nikachukua lile debe, nikalisuuza mara mbili, nikamkabidhi mbele ya wote.

"Kuanzia leo wewe ndiye wa maji, wifi. Utatia asubuhi kabla halijawaka, na njiani mpaka lipoe kabisa. Maji matupu. Na ukiona linavuja, usiniulize mimi, muulize Wambua."