Wanafunzi wa Bahasha Tulipoitwa Ubaoni

Mjukuu wangu anasoma kwa mbali, na juzi kaletewa barua aende chuoni juma zima, akakae na walimu uso kwa uso. Kaja kwangu kama mtu aliyeitwa polisi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sikumcheka yeye, nilijicheka mwenyewe, maana barua ya namna hiyo iliwahi kunifikia Kerege, miaka ya sabini, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na watoto watatu, na siku ileile nikashikwa na ugonjwa wa uongo.

Wakati huo nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya mtu, na masomo nikisoma kwa posta. Shule ya kukaa kwenye dawati niliiacha darasa la sita. Mwalimu aliniita ubaoni nigawanye sehemu kwa sehemu, nikasimama na chaki mpaka kengele ikalia, wenzangu wananizomea. Kesho yake sikurudi. Nyumbani nikasema masomo yamekwisha, na kwa upande wangu sikusema uongo.

Sasa bahasha, ndugu yangu, haikucheki. Unajibu maswali taratibu, unafuta, unamuuliza jirani, unabandika stempu. Majibu yanarudi na wino mwekundu, unayasoma peke yako, hata chooni ukitaka. Nilikwenda hivyo miaka miwili, nikajiona msomi. Kituo kimoja cha ufundi cha wasichana kilikuwa kimeniahidi kazi ya kufundisha ushonaji, mradi nipate cheti. Ndipo ikaja hiyo barua: juma moja Bagamoyo, kwenye shule ya bweni iliyofungwa kwa likizo, na asiyehudhuria hatafanya mtihani.

Nikamwambia mke wangu goti linaniuma. Akauliza kama kalamu naishika kwa goti. Nikamwambia nina nguo za watu za harusi. Akasema harusi ile ilishapita, na bwana harusi alioa na suruali ya kuazima kwa sababu yangu. Jumapili akanifungia shuka, sabuni na chupa ya mafuta ya nazi, akanisindikiza hadi barabarani, akasimama pale mpaka basi likaondoka. Hakuniamini hata kidogo.

Mambo yakaniharibikia mlangoni. Mwalimu wa hesabu, ambaye wino wake niliuogopa miaka miwili, nilimfikiria mzee mwenye miwani na fimbo. Kumbe binti, hata miaka ishirini na mitano hajafika. Nikamwamkia shikamoo kwa kuwa ni mwalimu wangu. Naye wakati uleule kaniamkia shikamoo kwa kuwa ni mkubwa wake. Hakuna aliyeitikia. Tukabaki tunatazamana, kila mtu na shikamoo yake mkononi, mpaka mama mmoja wa pale mjini, mkunga, naye mwanafunzi wa posta kama mimi, akapita katikati yetu.

"Marahaba wote wawili," akasema. "Sasa nipisheni."

Bwenini nikapangwa na bwana mmoja kutoka Lugoba, mkulima, mrefu kupita kiasi. Vitanda vilikuwa vya watoto. Miguu yake ilitokeza nje ya chuma, na mimi nikawa naanika taulo langu pale. Masomo yake yote alikuja nayo ndani ya debe la biskuti, yamekunjwa vizuri kuliko nguo zake.

Asubuhi tukaingia darasani, watu kama ishirini, magoti yamegonga madawati. Mwalimu akauliza swali la kwanza, rahisi tu: nusu na robo, jumla yake ngapi? Akatazama, vichwa vyote vimeinama. Tulikuwa tunaandika. Kila mmoja kachomoa karatasi, juu kaandika jina, namba ya mwanafunzi, sanduku la posta na somo, halafu jibu, halafu kaikunja mara tatu. Bwana wa Lugoba akauliza kwa adabu kama bahasha tutapewa au tutumie zetu.

Mwalimu alikaa chini akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Akasema, "Ndugu zangu, hapa hakuna posta. Anayejua aseme, na asiyejua aseme vilevile, tumsikie."

Tukacheka wote. Ningefurahi zaidi asingeongeza kwamba kuanzia kesho tutakwenda ubaoni, mmoja mmoja.

Mchana ule wali sikuusikia ladha. Saa tisa, wenzangu walipokwenda kujinyoosha, nikachukua shuka langu nikatoka kimyakimya hadi kituo cha basi. Namkuta nani pale? Mtu mrefu, kakumbatia debe la biskuti. Nikamwambia nimekuja kunyoosha miguu. Akasema na yeye pia. Nikamuuliza kama debe nalo lina miguu. Akaniuliza mbona mimi nanyoosha na shuka.

Tukakaa kwenye gogo. Hapo ndipo aliponiambia kwamba maisha yake yote, kabla ya asubuhi ile, hajawahi kuingia darasani. Kusoma kafundishwa na dada yake kwa kijiti, mchangani, na mengine yote ni posta. Chaki hajawahi kuishika. Tena gari la kwao lilipita asubuhi, kwa hiyo alikuwa amepanga kukaa juu ya lile gogo mpaka kesho.

Basi langu likaja. Kondakta akaita Kerege, Kerege. Yule bwana akanisukuma bega.

"Nenda, fundi. Nitamwambia mwalimu tumbo limekukamata."

"Na wewe?"

"Mimi nirudi kwanza nikuombee ruhusa, halafu ndiyo nije nitoroke vizuri."

Nilibaki nimekaa. Mtu anayeogopa chaki kuliko mimi, arudi shuleni aniombee ruhusa mimi. Aibu hiyo ilinishinda, na mimi si mtu wa aibu. Kondakta akanitukana kidogo kwa kumpotezea wakati, basi likaenda zake. Tukanunua mihogo ya kuchoma, tukarudi tunatafuna, tumeshakubaliana: mimi nitatangulia ubaoni, yeye aangalie mtu anavyokufa.

Asubuhi nikanyoosha mkono kabla sijaitwa. Mwalimu akaandika: robo tatu, gawanya kwa moja ya nane. Ileile ya darasa la sita, au ndugu yake wa tumbo moja. Nikashika chaki, ikavunjika. Nikashika nyingine, nikaandika tatu juu ya thelathini na mbili, kwa mwandiko mzuri kabisa. Darasa likacheka. Nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

Mkunga akasema kutoka nyuma, "Fundi, acha hesabu. Una kitambaa robo tatu ya yadi. Kila kola inakula thumni ya yadi, hiyo moja ya nane. Unanitolea kola ngapi?"

"Sita," nikasema, sijafikiri hata.

"Na kitambaa kinabaki?"

"Hakibaki. Na kikibaki sikwambii."

Safari hii walicheka zaidi, na mimi nikacheka nao, nimesimama palepale mbele ya ubao. Mwalimu akanikataza kukaa, akataka nioneshe hiyo sita imetoka wapi. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, ikatoka. Kisha akaja bwana wa Lugoba. Aliandika juu mno hata mwalimu ikambidi apande kiti kusahihisha. Akapata. Akaomba nyingine. Akapata. Ikawa kazi sasa ni kumtoa. Hadi Ijumaa tulikuwa tunagombania chaki, watu wazima wenye wajukuu.

Nimemwambia mjukuu wangu, na ninyi mnaosoma kwa mbali nawaambia: mtakaowakuta huko wote wana hofu, wengine wana hofu na debe. Mwalimu anajua kwamba hujui, ndiyo maana kakuita. Utakosea mbele ya watu, watacheka, halafu saa ya kula itafika. Mimi mtihani niliufanya. Kiingereza kilinibwaga mara ya kwanza, nikarudia, na wale wasichana nikawafundisha kushona miaka mingi.

Lakini Jumamosi ile niliposhuka Kerege nilikuwa bado sina cheti chochote. Nilikuwa na shati jeupe kwa vumbi la chaki tu. Mke wangu akalikung'uta, akauliza nilikwenda kusoma au kukanda unga. Nikamwambia niliitwa ubaoni.

"Ukafanya nini?"

"Nikakosea."

Akanitazama. "Halafu?"

"Halafu nikakaa mpaka Jumamosi."